Deni la Mhandisi

Mwaka 1964, akiwaeleza wabunge mpango wa maendeleo wa miaka 5, Julius Nyerere alitoa mfano ambao haujaacha kuwasumbua wasomi wa Tanzania. Kijiji kimepatwa na njaa. Chakula chote kilichobaki anapewa mtu mmoja, apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akishiba kisha asirudi na chochote, Nyerere alimwita msaliti. Mfano huu una nguvu kwa sababu hauachi mahali pa kujificha: aliyesomeshwa kwa jasho la wengine anadaiwa. Sasa mchukue profesa wa uhandisi umeme, mtu aliyemaliza ujana wake akichunguza namna swichi za silikoni zinavyowaka na kuzima mara mamia au maelfu katika sekunde moja, umsimamishe mbele ya mkulima wa kahawa wa Nkwenda au muuza ndizi wa Omurushaka. Gunia la msaada alilotumwa kulileta liko wapi? Makala zake zimechapwa ng'ambo, kwa Kiingereza, zimejaa milinganyo, na hakuna nyumba wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, inayoweza kunyooshea taa yake kidole na kusema imetoka katika ukurasa fulani. Kwa hesabu ya gunia, profesa ameshindwa kesi. Ninachoshikilia ni kwamba hesabu yenyewe ina kasoro. Deni lipo, tena zito, lakini elimu ya namna hii hailipwi kwa kuleta kitu. Inalipwa kwa kumwacha nyuma mtu mwingine awezaye kukihukumu kitu: aseme hiki kizima, hiki kibovu, na atoe sababu.

Dini zetu ziliuliza swali hili zamani. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi ya Muslim, iliyopokewa kutoka kwa Abu Huraira, inataja mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa, na moja ni elimu ambayo watu wananufaika nayo. Katika Injili ya Mathayo, mtumwa aliyeifukia talanta ardhini analaumiwa ingawa hakuiba wala hakupoteza. Alirudisha kile kile alichopewa, na hilo ndilo kosa lake. Kwa Waislamu wa mji wa Kayanga, wilayani Karagwe, na kwa Walutheri na Wakatoliki waliowazunguka, basi, elimu iliyofungiwa ndani haina utetezi. Kilichoachwa wazi ni kipimo. Tutajuaje kwamba elimu imenufaisha? Mfano wa kujaribia kipimo hicho lazima uwe mgumu. Udaktari ungetupa ushindi wa bure, kwa sababu mgonjwa aliyepona Hospitali ya Nyakahanga anamjua aliyemtibu. Elektroniki ya nguvu, yaani elektroniki inayoshughulika na umeme mwingi wa kuendeshea mashine na kulisha miji badala ya ule mdogo wa redio na simu, ni mfano mgumu kweli. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna anayeiona.

Msingi wake unaweza kuelezwa bila mlinganyo. Njia ya kale ya kupunguza umeme ni kuuwekea kizuizi, na kinachozuiwa kinageuka joto na kupotea bure. Njia ya elektroniki ya nguvu ni kuukata na kuuachia. Swichi ikiwa imewashwa, mkondo unapita lakini volteji juu yake karibu haipo. Ikizimwa, volteji ipo lakini mkondo haupiti. Nguvu inayopotea ni zao la viwili hivyo, na kwa kuwa kila wakati kimojawapo ni karibu sifuri, upotevu unakuwa mdogo sana. Kiasi unachokitaka kinapatikana kwa kugawa muda: swichi iwake kwa muda gani, izime kwa muda gani. Tangu kampuni ya General Electric ilipotoa thairista, swichi ya silikoni, mwishoni mwa miaka ya 1950, historia ya fani hii imekuwa historia ya kutafuta swichi inayobeba umeme mwingi na bado ikawa nyepesi kuwaka na kuzima. Sifa hizo mbili hazikai pamoja kwa urahisi. Swichi kubwa za miaka ya 1990 zilizofaa kwa mitambo ya gridi zilikuwa nzito. Ukizilazimisha kwenda mbio zinapata joto na kuharibika, ukiziacha ziende polepole umeme unaotoka unakuwa na mawimbi yaliyochongoka, yasiyofaa kupelekwa kwa wateja.

Hapo ndipo tunapomkuta Bakari Mwinyiwiwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akishirikiana na Profesa Boon-Teck Ooi. Makala walizotoa na wenzao katika majarida ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1997 na 1998 zinashughulikia shida hiyo hiyo. Wazo ni kutumia vigeuzi vingi, yaani mitambo inayobadili umbo la umeme kwa swichi, badala ya kimoja. Kila kigeuzi kinaendeshwa na ishara yenye umbo la pembetatu inayokipa saa ya kuwasha na kuzima, na pembetatu hizo zinapishanishwa kidogo kwa wakati. Kila kigeuzi kwa upande wake kinatoa umeme wenye kasoro, lakini kasoro za hiki zinaangukia mahali pa kufutwa na kasoro za kile, na jumla ya umeme wa vyote inalingana na kazi ya swichi moja yenye kasi ambayo wakati huo haikuwepo sokoni. Inashawishi kuigeuza picha hii iwe mahubiri juu ya ushirika wa binadamu. Mhandisi akiyasikia atacheka, kwa sababu vigeuzi havishirikiani. Vimepangwa na mtu aliyekokotoa.

Makala nyingine ya 1997, ambayo Mwinyiwiwa ni mmoja wa waandishi wake wanne, inahusu kuweka sawa volteji za kapasita ndani ya mtambo uitwao STATCOM. Kichwa chake kinaweza kumfukuza msomaji yeyote wa Kaisho au Mabira, na hapo ndipo ningependa kukaa kidogo. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Uganda, ukaingia kwa njia ya kilovolti 132 hadi Kyaka, kisha ukasambazwa kwa njia za kilovolti 33 kuelekea Karagwe na baadaye vijiji vya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Njia ndefu yenye wateja waliotawanyika ina ugonjwa wake. Jioni watu wanapowasha kila kitu, volteji mwishoni mwa njia inashuka: balbu zinafifia, friji linanguruma bila kupoza, mota ya mashine ya kusaga inavuma lakini haizunguki, na kama ikiachwa hivyo inaungua. Watu husema umeme ni mdogo. Sehemu ya ugonjwa huo inatokana na mkondo unaokwenda na kurudi ili kujenga sumaku ndani ya mota na transfoma, mkondo usiofanya kazi yoyote ya kusaga lakini unaoziba njia. STATCOM ni kigeuzi kinachowekwa karibu na mahitaji ili kiutoe mkondo huo pale pale, usisafiri kilomita zote hizo. Sidai kwamba kifaa hicho kimefungwa Kayanga. Ninadai kwamba tatizo lililokuwa mezani Montreal na tatizo la mtu anayeishi mwisho wa njia ni ndugu wa damu, na anayesema mada za namna hii ni anasa za nchi tajiri hajaitazama ramani ya nguzo.

Hata hivyo, undugu wa matatizo hautoshi kuitwa manufaa. Kati ya makala ya McGill na mashine ya kusaga ya Nkwenda kuna umbali ambao karatasi haiwezi kuuvuka yenyewe, na wanaotetea utafiti mara nyingi huuruka umbali huo kwa maneno mazito kuhusu maendeleo ya sayansi. Ili kuona kinachouvusha, tuachane na mitambo ya gridi, tushike kitu kidogo kinachopatikana katika maelfu ya nyumba za Kagera: kontrola ya sola. Paneli ya wati 100 ikiwa juani vizuri hutoa karibu volti 18 na ampea 5.5. Kontrola ya bei nafuu huunganisha paneli na betri moja kwa moja, kisha hukata betri inapojaa. Betri ikiwa na volti 13, paneli inalazimika kushuka hadi volti hizo, na wati zinazoingia ni kama 72. Nyingine hazipatikani kabisa. Kontrola ya aina ya MPPT ina kigeuzi ndani yake. Inaiacha paneli kwenye volti 18 zake na kuubadilisha umeme kuwa wa volti chache na ampea nyingi zaidi, ili karibu wati zote zifike kwenye betri. Tofauti hiyo ndiyo elektroniki ya nguvu yenyewe, na ndiyo sababu ya tofauti ya bei. Na sokoni zipo kontrola zilizoandikwa MPPT kwa herufi kubwa huku ndani ni zile za aina ya kwanza. Nani atajua? Rangi ya boksi haisemi, wala muuzaji hasemi. Atajua mtu mwenye mita, anayepima ampea zinazotoka kwenye paneli na ampea zinazoingia kwenye betri, akilinganisha.

Kontrola hiyo hiyo ina kazi nyingine inayowakera watu. Betri ya volti 12 ikishuka hadi karibu volti 11, inazima taa. Mwenye nyumba anaona betri bado ina umeme, mtoto hajamaliza kusoma, na kidude kidogo kinakataa. Anaitwa fundi, fundi anaruka kontrola, anaunga taa kwenye betri moja kwa moja, taa inawaka, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi michache betri imekufa, kwa sababu betri ya risasi ikikamuliwa hadi chini mara kwa mara, bamba zake hufunikwa na ukoko wa salfeti usiotoka tena. Kisha inasemekana sola ni utapeli. Hapa ujuzi wote wa fani, kuanzia thairista hadi makala za IEEE, ulikuwa umekusanywa ndani ya kisanduku kinachotoshea kiganjani, ukafika salama mpaka ukutani, ukanunuliwa kwa fedha taslimu. Gunia lilifika. Lakini hakuwepo mtu wa kumweleza mwenye nyumba kwa nini kisanduku kinakataa, na fundi aliyeitwa alijua kuunganisha nyaya bila kujua kwa nini zilitenganishwa. Kifaa bila hukumu kiliharibika ndani ya nyumba ile ile ambayo kilikusudiwa kuihudumia. Ndiyo maana ninaona kazi ya KARADEA, asasi iliyoanzisha wilayani Karagwe kituo cha kufundisha mafundi wa sola mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ya hekima zaidi kuliko ugawaji wowote wa paneli. Nguzo zilikuwa hazijafika sehemu kubwa ya wilaya, na badala ya kungoja au kugawa taa, waliamua kuzalisha watu, na waliokuja kujifunza walitoka hata nje ya Tanzania.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi, na profesa hahusiki. Anahusika, kwa njia isiyotazamwa sana. Fundi anafundishwa na mwalimu wa chuo cha ufundi, mwalimu huyo alifundishwa na mhandisi, mhandisi alifundishwa chuo kikuu. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, Tanzania ilipata kwa mara ya kwanza mahali pake pa kuanzishia mnyororo huo. Swali ni nani anasimama kwenye pingili ya kwanza. Anaweza kuwa mtu aliyekariri vitabu vya wengine, na atafundisha vizuri tu mpaka siku atakapokutana na kitu kisichokuwa kitabuni. Au anaweza kuwa mtu ambaye hesabu zake zimewahi kupekuliwa na wageni wasiomjua, wasiomdai wala kumwogopa, wakamwambia hapa umekosea, rudia. Hiyo ndiyo thamani ya utafiti kwa nchi maskini. Makala ya jarida haiwashi taa, na haikuandikwa iwashe. Inathibitisha kwamba mwandishi amepitia mahali ambapo cheo hakimsaidii mtu na volteji haijali jina la mkoa wako. Anayetoka huko anajua tofauti kati ya kujua na kudhani kwamba anajua, na tofauti hiyo ndiyo pekee anayoweza kuirithisha kwa mikono yake mwenyewe, maana milinganyo inapatikana popote.

Karagwe ina ushahidi wake wa kale juu ya jambo hili. Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipopita 1876, walikuta utawala ambao heshima yake ilifungamana na chuma. Katika hazina ya mfalme mlikuwa na vyombo vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, wakiwemo ng'ombe wa chuma, na masimulizi humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfua chuma mwenyewe. Ukanda wote wa magharibi mwa Ziwa Nyanza ulikuwa na utaalamu huo kwa muda mrefu. Uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapwa 1978, ulionyesha kwamba wayeyushaji wa Buhaya, upande wa pili wa mkoa huu huu, walipata joto kubwa tanuruni kwa namna walivyoingiza hewa, na chimbuko la ufundi huo linarudi nyuma karibu miaka 2,000. Leo chuma cha jembe linalouzwa Kayanga hakitoki katika tanuru la huko. Sababu ni nyingi, na ushindani wa chuma kilicholetwa kwa meli ni mojawapo iliyo kubwa. Ingekuwa uonevu kumlaumu mfalme. Lakini inafaa kutambua kwamba ujuzi uliofungamana na kiti, na ukoo, na miiko ya tanuru, ulikuwa na njia chache za kuendelea baada ya kiti kudhoofika. Vitu vilibaki vikatazamwa na wageni. Watu waliokuwa na uwezo wa kusema tanuru hili litakubali na lile litakataa hawakubaki.

Pingamizi zito la kwanza ni la nia. Kwa Mwislamu, amali hupimwa kwa nia, na profesa aliyeandika ili apate shahada na kupandishwa cheo hakumkusudia mtu wa Murongo. Vipi basi tumhesabie manufaa ambayo hayakuwa moyoni mwake? Ninaona hapa hesabu mbili zinachanganywa. Malipo ya mtendaji ni ya Mungu na yanategemea moyo, ambao sisi hatuna mita ya kuupima. Manufaa kwa watu ni jambo jingine, nalo linachunguzika: ama yupo anayeweza kuhukumu kwa sababu ya mafundisho yake, ama hayupo. Mtu anaweza kukosa thawabu na bado akawa amenufaisha. Anaweza pia kuwa na nia safi kama maji ya chemchemi na asiache nyuma hata mwanafunzi mmoja. Hadithi ya mambo matatu, nikiielewa sawasawa, inaizungumzia elimu kwa upande wa wanaofaidika nayo. Haitaji wingi wa alichojua marehemu. Na kama tungetaka kuanza kukagua nia, haki ingetudai tukague pia nia za wanaodai gunia, maana wengine wanachotaka ni jina la mwana wa nyumbani kwenye bango.

La pili ni la sokoni, na lina watetezi wenye akili. Inveta, yaani vigeuzi vinavyobadili umeme wa betri uwe kama wa gridi, zinatengenezwa China kwa bei ambayo hakuna kiwanda cha Afrika Mashariki kinachoikaribia. Nunueni, wanasema, acheni kusomesha watu vitu ambavyo wengine wameshavimaliza. Kyerwa yenyewe inatoa jibu. Wilaya hiyo inachimba madini ya bati, na bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu inayoshikilia kila kipande kwenye sakiti ya inveta. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba chembe za udongo wa Kyerwa zinarudi Kyerwa ndani ya kisanduku cha plastiki, zikiwa zimezunguka nusu ya dunia. Watu hupenda kuishia kwenye malalamiko ya bei ya malighafi. Mimi naona jambo lenye kuumiza zaidi. Katika mzunguko huo wote mchimbaji halazimiki kujua madini yanakwenda kufanya nini, wala mnunuzi halazimiki kujua kisanduku kinafanyaje kazi. Biashara inakamilika bila kumdai yeyote wa Kyerwa ajue chochote. Mwenye fedha asiyejua huuziwa kontrola yenye maandishi ya uongo, na wilaya yenye fedha isiyojua huuziwa makubwa zaidi. Tazama Mto Kagera kati ya Murongo na Kikagati. Kituo kidogo cha umeme cha awali kiliharibiwa katika vita vya 1979. Miaka 40 na zaidi baadaye kimesimama kingine cha megawati 14, kwa makubaliano ya Uganda na Tanzania kugawana umeme wake. Zege na mitambo vilinunuliwa, navyo ni vizuri. Kugawana, hata hivyo, hakununuliwi. Kila mwezi lazima pawepo mtu kila upande wa mto anayejua mita imefungwa wapi, upotevu wa njia unahesabiwa kwa nani, na volteji ikiyumba kosa ni la jenereta au la mstari. Asiyejua atasaini alichoandikiwa na jirani, hata kama jirani ni mwema.

Pingamizi la tatu ndilo linalonibana, na sitalikwepa. Mnyororo niliousifu umekatika. Wahandisi wengi wanaohitimu Dar es Salaam hubaki mjini, wengine kwenye kampuni za simu, wengine nje ya nchi, na mafundi wengi wa vijijini wamejifunza kwa kumtazama fundi mwingine. Kama manufaa ni kumwacha nyuma mwenye kuhukumu, basi kwa kipimo changu mwenyewe profesa bado anadaiwa, kwa sababu mwenye kuhukumu hayupo Nkwenda. Hapa mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki 1111, anasaidia kuliko Nyerere. Katika kitabu chake cha Ihya aliweka udaktari na hesabu kwenye fardhi kifaya, elimu ambayo si lazima kila mtu awe nayo, ila mji ukikosa hata mmoja anayeijua, wakazi wote wana hatia. Kisha akalalamika kwamba watu wanarundikana kwenye fiqhi na mabishano yake wakati miji inakosa tabibu Mwislamu. Wajibu wa namna hii una sifa mbili ambazo mfano wa kijiji chenye njaa hauna. Una mahali: tabibu wa Baghdad haondoi hatia ya mji mwingine, na mhandisi wa Dar es Salaam hawatoshelezi watu wa Kyerwa. Na hauko juu ya msafiri mmoja. Mfano wa Nyerere unamwacha yule aliyetumwa peke yake kizimbani, kijiji kikiwa upande wa mashtaka tu. Kwa fardhi kifaya, kijiji nacho kina la kujibu, na kila mwenye uwezo wa kuunganisha pingili iliyokatika ni mdaiwa kwa kiasi cha uwezo wake. Profesa anadaiwa kufundisha, na kufundisha wale ambao watafundisha. Hadaiwi kupanda nguzo mwenyewe.

Wenye uwezo katika wilaya hizi mbili wanajulikana. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina Hospitali ya Nyakahanga. Wakatoliki wana za Nyakaiga na Isingiro. Kuna chama cha ushirika cha KDCU kinachokusanya kahawa, kuna halmashauri mbili, kuna misikiti yenye madrasa. Hospitali hazikai bila umeme wa akiba, na umeme wa akiba leo maana yake ni betri na inveta. Taasisi za dini zimezoea kumsomesha mtu miaka mingi, hata ng'ambo, ili aje ahukumu kati ya fundisho sahihi na potofu, na hakuna muumini anayeuliza gunia la mchungaji au la shehe liko wapi. Inaeleweka kwamba alichokuja nacho ni uwezo wa kupambanua. Kwa mantiki hiyo hiyo, zingeweza kumsomesha mmoja uhandisi kwa sharti la kufundisha mafundi wa Karagwe na Kyerwa, na kumpa chumba, mita nzuri na madaraka ya kukataa mzigo wa inveta mbovu kabla haujalipiwa, hata kama aliyeutoa ni mfadhili. Sharti hilo la mwisho litakuwa gumu kuliko ada ya chuo. Zawadi ikishafika mlangoni, kamati nyingi huona kuipima ni utovu wa adabu.